Kiondo Nilichokionea Wivu

Wanaume wengine huwaonea wivu majirani wenye ng'ombe wa maziwa mengi, au ndugu waliogawiwa shamba upande wenye maji. Mimi nilikionea wivu kiondo. Kilikuwa kiondo cha katani, kikapu cha kawaida kabisa, na mke wangu ndiye aliyekuwa akikisuka. Kikiwa hakimo mikononi mwake kilining'inia kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni. Nikisema nilikionea wivu sitanii. Kuna jioni nilikitazama kikiwa mapajani mwake na damu ikanipanda.

Ilikuwa miaka ya sabini. Tulikaa karibu na Kiganjo, nami nilikuwa karani katika ofisi moja mjini Nyeri. Mkubwa wangu alikuwa amerithi kiti cha Mzungu aliyeondoka, na pamoja na kiti akarithi kengele ya mezani, ile ya kugonga kwa kiganja. Mzungu alikuwa akiigonga mara mojamoja. Huyu wetu aliipenda. Akitaka faili, kengele. Akitaka dirisha lifungwe, kengele. Mara nyingine nilisimama mbele yake nikamkuta amesahau alichoniitia, akaniambia nirudi nikakae, na kabla sijakifikia kiti changu, kengele. Jioni nilishuka kwenye basi ikiwa bado inalia kichwani, nikaingia nyumbani na kuanza kumsimulia mke wangu yote tangu asubuhi, kwa sauti ambayo singethubutu kuitumia ofisini.

Kichwa kilipoanza kuniuma kila siku nilikwenda kwa daktari. Alinifunga ule mpira mkononi, akaupuliza, akatazama, akaupuliza tena. Akasema presha yangu ilikuwa ya mtu aliye na haraka ya kuacha mjane.

"Punguza chumvi," akaniambia. "Tembea. Lala mapema. Ofisi uiwache ofisini. Na zaidi ya yote, mzee, punguza mawazo."

Sikuwa mzee, nilikuwa na nywele zote kichwani. Nilitoka pale nikijiuliza mawazo hupunguzwa kwa chombo gani. Lakini niliogopa. Kulikuwa na karani mwenzangu aliyeanguka juu ya taipureta yake akafa, na kiti chake kilikuwa kimejazwa kabla matanga hayajaisha.

Nilipofika nyumbani siku hiyo nilimkuta mke wangu ameketi kizingitini, anautazama mwanga wa mwisho ukiondoka mlimani. Kikombe cha chai kando, kiondo mapajani. Watoto walikuwa wakigombania kitu nyuma ya nyumba, ng'ombe alikuwa akilia kwa sababu hajakamuliwa, na yeye ametulia tuli, vidole tu ndivyo vilivyokuwa vikienda. Hapo ndipo wivu uliponiingia. Nikawaza: huyu anacho. Hiki ninachoambiwa nikitafute nisije nikafa, huyu anacho, tena anakaa nacho tu kizingitini na hakuandikiwa na daktari yeyote.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba sikuona amekipata wapi. Alilima kuliko mimi. Alibeba maziwa kila asubuhi, alikuwa na mama mgonjwa kule Murang'a, na mtoto wetu mmoja tulikuwa tumemzika akiwa bado mchanga. Kama kulikuwa na mtu wa kupatwa na presha katika nyumba ile, ni yeye. Nikaamua kumchunguza, nijue anafanya nini, nami nikifanye.

Kwanza niliona anatembea. Nikaanza kutembea kabla ya kwenda kazini. Sasa, kwetu wakati ule mtu mzima hakutembea bure. Ukionekana asubuhi barabarani huna jembe, huna mtungi, huendi kituo cha basi, basi kuna jambo. Mtu wa kwanza aliniuliza ni nani mgonjwa. Wa pili aliniuliza kama kuna maiti. Makuruta wa chuo cha polisi walinipita wakikimbia na kuimba, vijana wanaoamriwa kulala wakalala, nao nikawaonea wivu. Nilipochoka na maswali nikaanza kubeba kamba, ili nionekane mtu anayetafuta ng'ombe. Hiyo ilisaidia kwa muda mfupi tu. Watu wa kwetu ni watu wema. Asubuhi moja nilimkuta jirani na wanawe wamesambaa mashambani, wanapekua vichaka kwa fimbo, wanamtafuta ng'ombe wangu. Ilibidi nipekue nao hadi nikakosa basi, na nilipofika ofisini nilipokewa na kengele.

Halafu niliona hatii sukari kwenye chai. Sisi sote tulitia, tena ya kutosha. Yeye alikunywa yake kavu hivyo hivyo, katika kikombe cha enameli. Nikasema, enhe, ndiyo hiyo. Nikaacha sukari. Chai ikawa dawa ya mifugo. Niliinywa nimekunja uso, nikimtazama anavyoinywa ya kwake taratibu, na kila funda lilinionyesha kwamba hata ulimi wake ulikuwa umetulia kuliko wangu.

Kanisani ndiko wivu ulikovuka mipaka. Mke wangu akifumba macho kuomba, uso wake ulilegea, midomo ikacheza kidogo bila sauti. Nami nilitakiwa niwe nimefumba yangu. Nilimchungulia. Alikuwa akisema maneno mengi pale, mengi sana, na nyumbani mimi niliambulia "enhe" na "haya". Nilijikuta nakaa kwenye benchi la kanisa nikimwonea wivu Mungu.

Wanawake wenzake pia. Walikuwa na desturi ya kulimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na siku ya zamu yetu shamba lilijaa kicheko. Nilikisikia kutoka barabarani, na cha mke wangu nilikitambua ndani ya vyote. Nilipotokea kwenye kona ya boma wote walinyamaza, wakaniamkia kwa heshima, wakainamia majembe. Nikaingia ndani. Sikuwa nimefika kwenye kiti walipoanza tena.

Lakini hayo yote yalikuja na kupita. Kiondo hakikupita. Mtu asiyekulia kwetu huenda hajui jinsi jambo hili lilivyo. Mwanamke wa milimani husuka akitembea, husuka akiwa kwenye mkutano wa harambee, husuka matangani, anakusikiliza na kukujibu huku vidole vinajiendea. Uzi wenyewe husokotwa juu ya paja lililo wazi, lenye jivu kidogo. Ni kazi ya wanawake, na mwanamume aliyeonekana ameshika katani kwa namna ile angekuwa amejipatia jina la utani la kuzikwa nalo.

Kila nilipoingia na habari zangu za ofisi, mke wangu alinyoosha mkono na kukitoa kile kiondo msumarini. Nilianza kuliona hilo. Sikuwa nimevua viatu, tayari kimefika mapajani. Nikisimulia, anasuka. Nikipandisha sauti, vidole vinakimbia. Nikigonga meza, vinakimbia zaidi, na macho yake yamo mle mle ndani ya kiondo. Nilianza kuhisi kwamba mimi ni redio iliyowashwa chumbani, na mgeni aliyealikwa ni kile kiondo.

"Hiyo kiondo ni ya nani?" nilimwuliza jioni moja.

"Ni ya mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

Vingine vyote vilikuwa na wenyewe. Cha dada yake, cha mke wa kasisi, cha jirani aliyejifungua. Alivimaliza akavigawa. Hiki kilikwenda polepole, kiliachwa vingine vikipita, kikarudiwa, na kila mara nilipouliza kilikuwa cha mtu. Huyo mtu alianza kunikosesha usingizi. Nilikuwa nimeambiwa nipunguze mawazo, na sasa nilikuwa na wazo jipya ambalo halikutoka ofisini.

Basi Jumamosi moja, alipokwenda soko la Karatina, nilikitoa kiondo msumarini na katani yake yote, nikaenda ghalani, nikakifukia chini ya magunia ya maharagwe. Nikarudi nikakaa na gazeti. Nitasema kweli: nilijisikia vizuri. Msumari ulikuwa mtupu na nyumba ilikuwa yangu.

Alirudi, akatua mzigo, akatazama ukutani. Akatazama chini ya ukuta. Akaingia chumbani akatoka.

"Baba watoto, umeona kiondo yangu?"

"Sijaona. Labda ni panya."

"Panya ya kubeba kiondo?"

"Siku hizi kuna panya kubwa."

Alinitazama kidogo, akaenda kupika chai. Jioni ilipoingia tulikaa mezani, watoto wakiwa bado nje, na mimi nikaona sasa ndio wakati wangu. Wiki hiyo mkubwa alikuwa ameniita kwa kengele mbele ya wageni, nikamshikie mlango. Nikaanza. Nilisimulia nikiwa na furaha ya kuwa na macho yake usoni pangu, kwa maana sasa hayakuwa na pengine pa kwenda. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya meza, viganja chini. Nilipandisha sauti. Niligonga meza.

"Umemaliza?" akauliza.

Sikuwa nimemaliza. Sikuwa nimewahi kuulizwa.

"Huyo mkubwa yako," akasema, "mimi sijawahi kumuona. Lakini najua vile anakohoa. Najua vile anatembea. Kila jioni unaingia na yeye kwa hii nyumba, unamketisha hapa, tunakula na yeye. Mimi niliolewa na mtu moja, lakini nimepikia wawili."

Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililonitisha.

"Na ati umewacha sukari kwa sababu mimi siweki. Kwani umewahi kuniuliza kwa nini siweki? Kijiko ikigonga hii kikombe, inalia kama hiyo kengele yako. Unaruka. Unaruka kwa kiti, hata wewe hujui unaruka. Watoto niliwafunza kukoroga kwa jikoni, mlango imefungwa. Mimi niko karibu na wewe kila wakati, kwa hivyo nikaacha sukari. Mimi napenda sukari."

Nilikitazama kikombe chake cha enameli. Chai ilikuwa imeanza kufanya utando juu.

"Tulipozika mtoto," akaendelea, "wewe ulirudi kazi. Ulirudi kwa huyo mkubwa. Mimi nilikuwa nirudi kwa nini? Nilianza hiyo kiondo wiki hiyo. Nikiwa na neno, nasuka. Ukipiga kelele na niko na neno ya kukujibu, naiweka huko ndani. Ungekuwa umejibiwa kila jioni, hii nyumba ingekuwa imeanguka. Sasa umeificha. Sijui uliificha wapi na siulizi. Lakini mikono yangu iko hapa, haina kitu, na mimi niko na maneno ya miaka. Niendelee?"

Nilisema hapana, tafadhali.

Nilitoka nikaenda ghalani. Magunia yalikuwa mazito kuliko nilivyoyaacha, au labda ni mikono yangu. Huko gizani nilisimama kidogo na kile kiondo kifuani, kinanuka maharagwe. Nilikuwa nimekaa miaka nikiamini amezaliwa na utulivu, kama mtu anavyozaliwa na sauti nzuri, na kumbe alikuwa akiusuka kila jioni nikiwa mbele yake, napiga kelele. Mtu mwingine angeacha kumwonea wivu hapo. Mimi wivu ulizidi. Zamani nilimwonea wivu kwa alichokuwa nacho. Sasa nilimwonea wivu kwa sababu alijua kukitengeneza, na mimi sikujua hata kuanza.

Nilikiweka mezani. Alikipapasa chote, akapuliza vumbi, akaona hakuna uzi uliokatika.

"Nifundishe," nikasema.

Alidhani namchezea. Aliponiona sicheki, akatoa nyuzi za katani ambazo hazijasokotwa, akanisogezea kigae cha jivu.

"Kunja suruali."

Nilitazama mlango.

"Funga kama unaogopa."

Niliufunga, nikavuta na pazia. Suruali za miaka ile zilikuwa pana chini, kwa hiyo kuipandisha hadi pajani haikuwa taabu. Taabu ilikuwa paja lenyewe. La mke wangu lilikuwa laini kwa kazi, langu lilikuwa na nywele, na katani haina huruma. Kila nilipoviringisha kiganja, ilizing'oa nywele pamoja na uzi, nami nikapiga ukelele. Alicheka. Kilikuwa kile kicheko cha shambani, kile kinachonyamaza nikitokea, na sasa kilikuwa ndani ya nyumba na mimi nimo. Ningeiacha katani izing'oe zote.

Uzi wangu ulikuwa mbaya. Hapa mnene, pale mwembamba, una mafundo. Lakini mtu akiutazama uzi, hawezi kutazama kingine. Ukifikiria ofisi unakatika, papo hapo, nawe unalazimika kuanza upya. Nilikata nyingi. Jioni hizo za mwanzo ofisi ilinijia mara kwa mara na kila mara katani ilinifukuzia. Baadaye nilianza kuvua viatu na kukunja suruali kabla sijafungua mdomo. Nilipofungua mdomo, nilijikuta nauliza mama yake anaendeleaje kule Murang'a. Naye akaniambia, na yalikuwa mengi, maana yalikuwa yamekaa.

Jirani yule wa kumtafuta ng'ombe alibisha hodi jioni moja. Nilisukuma katani chini ya mto wa kiti, nikanyakua gazeti. Alikaa, tukaongea habari za mahindi, na alipoondoka mke wangu aliniambia gazeti lilikuwa limepinduka, na mguu mmoja wa suruali ulikuwa bado uko juu.

Daktari alinifunga mpira wake tena baada ya miezi. Akapuliza, akatazama, akapuliza kwa kutoamini.

"Presha imeshuka vizuri. Umefanya nini?"

"Natembea," nikasema.

Akafurahi, akasema aliniambia. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kidogo kwamba matembezi yamechukua sifa ya mke wangu, lakini kuna mambo mwanamume hawezi kuyasema akiwa amevuliwa shati.

Kengele iliendelea kulia ofisini mpaka mkubwa alipohamishwa. Sikuacha kuruka. Nyumbani tulirudisha sukari, na mke wangu alikoroga ya kwake hapo hapo mezani, taratibu, akinitazama. Nikiruka, alisubiri nitulie, akakoroga tena.

Uzi wangu aliuingiza kwenye kile kiondo. Sikumwomba. Niliuona siku moja umezunguka katikati yake, mkanda mnene wenye mafundo, juu yake kazi safi na chini yake kazi safi. Wanawake wa zamu walipokuja walikigeuzageuza, wakasifu, wakafika pale wakacheka.

"Hapa ulikuwa unasinzia?" mmoja akauliza.

"Hapo katani ilikuwa mbaya," mke wangu akajibu. Mimi nilikuwa pembeni na gazeti, na safari hii lilikuwa limesimama sawa.

Alikimaliza mwaka ambao binti yetu mkubwa alikuwa anaolewa upande wa Kianyaga. Kwetu binti haondoki bila kiondo cha mama. Nilijua basi ndiye yule mtu, nikakubali, kwa shingo upande. Jioni ya kufunga mizigo, mama yake alimtolea viwili vipya, vya rangi, vizuri sana. Binti alivipokea, kisha akanyoosha mkono msumarini.

"Mama, mimi nataka hii. Hii ya zamani."

"Hiyo wacha."

"Kwani ni ya nani?"

Mke wangu hakuinua macho. Alikuwa na kazi nyingine mapajani, vidole vinakwenda.

"Ni ya mtu," akasema.

Binti alinigeukia nimsaidie, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimpa kila alichonyimwa na mama yake. Nilimwambia amsikilize mama. Alinuna, na nilifurahi kuliko inavyompasa baba kufurahi.